Jirani Akivamiwa Akiwa Katika Sala: Somo Kutoka kwa Wayahudi wa Pittsburgh



Katika mikutano yetu na kamati za parokia, mada ya mahusiano na watu wa dini nyingine haikosekani. Mara nyingi tunazungumza juu ya jirani zetu Waislamu, kwa sababu tunaishi nao, tunanunua na kuuziana sokoni na tunazikana. Lakini mada inapofika kwa Wayahudi, mtu husimama na kuuliza: "Wayahudi wako mbali. Hapa kwetu hatuna sinagogi. Mambo yao yanatuhusu nini?"

Swali hilo ni la haki na linastahili kujibiwa kwa kirefu. Tumeamua kulijibu kwa kueleza yaliyotokea katika mji mmoja wa Marekani mwaka 2018, jinsi majirani walivyosimama na waliovamiwa, na kazi ambayo tukio lile linatuachia sisi huku.

Yaliyotokea

Jumamosi tarehe 27 Oktoba 2018, asubuhi, Wayahudi wa mtaa wa Squirrel Hill katika mji wa Pittsburgh walikusanyika kwa sala ya Sabato. Jengo la sinagogi lijulikanalo kama Tree of Life lilikuwa likitumiwa na jumuiya tatu za waumini: Tree of Life yenyewe, New Light na Dor Hadash. Mtu mwenye silaha aliingia na kuanza kuwapiga risasi. Watu 11 waliuawa na wengine walijeruhiwa, wakiwamo askari polisi waliokwenda kuokoa.

Waliouawa walikuwa na umri kati ya miaka 54 na 97. Anayesali katika parokia yoyote yetu atawatambua watu wa aina hiyo, kwa maana ni wale wanaofika mapema kabla ya ibada kuanza. Walikuwamo mume na mke wazee waliofunga ndoa katika sinagogi hilo hilo mwaka 1956. Walikuwamo ndugu wawili wenye ulemavu wa akili, ambao watu wote waliwajua kwa kuwakaribisha waumini mlangoni. Alikuwamo daktari wa familia ambaye, katika miaka ya mwanzo ya Ukimwi, wakati wengine waliogopa hata kumgusa mgonjwa, yeye aliwashika mikono wagonjwa wake bila glavu na kuwakumbatia. Sisi tuliohudumia wagonjwa majumbani katika miaka hiyo tunajua tendo kama hilo lilikuwa na thamani gani.

Muuaji alikamatwa siku ile ile. Mwaka 2023 mahakama ya Marekani ilimtia hatiani kwa mashtaka yote 63 na kumhukumu adhabu ya kifo. Jina lake hatutaliandika hapa.

Kwa nini aliwachagua hao

Hapa ndipo jambo hili linapofika mlangoni kwetu. Muda mfupi kabla ya kushambulia, mtu huyo aliandika kwenye mtandao kwamba analichukia shirika la Kiyahudi liitwalo HIAS, akidai linaleta wavamizi nchini mwake. Wiki moja kabla ya hapo, jumuiya ya Dor Hadash ilikuwa imeshiriki katika Sabato ya kuwaombea wakimbizi, iliyoandaliwa na shirika hilo.

HIAS lilianzishwa Marekani na Wayahudi mwishoni mwa karne ya 19, ili kuwapokea Wayahudi wenzao waliokuwa wakikimbia mauaji katika dola ya Urusi. Miaka ilipopita, shirika hilo likapanua kazi yake na kuwasaidia wakimbizi wa dini na mataifa yote. Mwaka 2002 lilianza kazi Nairobi. Wakimbizi kutoka Kongo, Somalia, Ethiopia, Sudan, Burundi na Rwanda waliokuwa wakiishi mitaani bila msaada wa kambi walipata huko ushauri, ulinzi, na wengine safari ya kwenda kuanza maisha mapya. Mji wenyewe wa Pittsburgh umepokea Wakongo na Wabantu wa Somalia, na miongoni mwao wapo wanaozungumza Kiswahili.

Kwa maneno mengine, ndugu msomaji, watu wale walichukiwa kwanza kwa kuwa ni Wayahudi, na chuki hiyo ikachochewa zaidi kwa kuwa waliwafungulia mlango wageni, na baadhi ya wageni hao ni watu wetu. Baada ya hapo ni vigumu kusema kuwa mambo yao hayatuhusu.

Uongo unavyogeuka kuwa risasi

Chuki dhidi ya Wayahudi ina tabia moja inayoitofautisha na dharau ya kawaida ya kabila kwa kabila. Mdharau wa kawaida humwona mwenzake kuwa duni. Mwenye chuki dhidi ya Wayahudi humwona Myahudi kuwa na nguvu za siri: eti ndiye anayeshika fedha za dunia, ndiye anayeanzisha vita, ndiye anayeleta magonjwa na wageni. Huko Ulaya, wakati wa tauni kuu ya karne ya 14, Wayahudi walisingiziwa kuwa wametia sumu visimani, na wengi waliuawa. Katika karne ya 20 uongo wa namna hiyo ulitumiwa na utawala wa Hitler, na Wayahudi wapatao milioni 6 wakauawa. Muuaji wa Pittsburgh aliamini toleo la kisasa la uongo huo huo: kwamba Wayahudi wana mpango wa siri wa kuleta wahamiaji ili kuwaondoa watu weupe katika nchi yao.

Sisi hatuhitaji kwenda Ulaya ili kuelewa jambo hili. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, Tanzania, wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa sababu macho yao yamekuwa mekundu, macho ambayo yamewekundu kwa moshi wa kuni walizopikia wajukuu wao miaka yote. Mvua ikikosekana au mtoto akifa, kunatafutwa mtu wa kubeba lawama, na anapatikana aliye mpweke. Ndugu zetu wenye ualbino nao wamewindwa kwa sababu ya uongo kuhusu utajiri. Mbegu ni ile ile: tatizo ni kubwa na halieleweki, kisha anatokea mtu na kusema, "Namjua aliyesababisha." Uongo huo ukiachwa bila kukanushwa kwenye kilabu, kwenye simu na hata kwenye mimbari, siku moja humpata mtu wa kuutekeleza.

Majirani walifanya nini

Jioni ya siku ile ile ya mauaji, watu wengi walikusanyika Squirrel Hill, karibu na kanisa la Wapresbiteri, wakiwa na mishumaa. Vijana wa sekondari ya jirani walikuwa miongoni mwa walioandaa mkusanyiko huo. Siku iliyofuata watu wa dini zote walijaa katika ukumbi mkubwa wa kumbukumbu ya wanajeshi, na wengine wakabaki nje.

Katika ukumbi huo alisimama kiongozi wa Kituo cha Kiislamu cha Pittsburgh. Alieleza kwamba Waislamu wamekwisha changisha zaidi ya dola 70,000 kwa ajili ya mazishi na matibabu, na mchango wote baadaye ukavuka dola 200,000. Kisha akawaomba Wayahudi waseme wenyewe wanachohitaji. Kama wanahitaji watu wa kusimama nje wakati wa sala, Waislamu watakuja. Kama wanahitaji mtu wa kuwasindikiza dukani, watakuja.

Tunaomba kamati ziliangalie jambo hili kwa makini. Mchango ulikuwa mkubwa, lakini cha thamani zaidi lilikuwa lile swali. Sisi wa mashirika ya maendeleo mara nyingi tunafika kwa mwenye msiba tukiwa na orodha yetu tayari, wakati yule kiongozi alitanguliza kuuliza.

Mambo mengine yalifuata. Mchungaji wa kanisa la Emanuel la Charleston, ambako Wakristo weusi 9 waliuawa wakati wa mafundisho ya Biblia tarehe 17 Juni 2015, alisafiri hadi Pittsburgh kuhudhuria mazishi ya yule mama wa miaka 97. Hakuna aliyehitaji kumweleza maana ya msiba ule. Gazeti la mji, Pittsburgh Post-Gazette, lilichapa katika ukurasa wake wa kwanza maneno ya mwanzo ya sala ya Kiyahudi ya wafiwa, kwa herufi za Kiebrania. Sabato iliyofuata, tarehe 2 na 3 Novemba, watu wasio Wayahudi walikaribishwa katika masinagogi sehemu nyingi za Marekani na nchi nyingine, nao wakaenda kuketi pamoja na wenyeji.

Hali kadhalika lilikuwapo suala la mahali pa kusali, kwa sababu jengo lilifungwa. Masinagogi jirani yaliwapokea waumini wa jumuiya zote tatu. Mwaka 2019, sikukuu kuu za Kiyahudi zilipowadia na nafasi ikawa ndogo, kanisa la Anglikana la Calvary liliwafungulia Tree of Life milango yake ili wasali sala zao wenyewe kwa taratibu zao wenyewe. Mwaka huo huo kilianzishwa kituo cha kuwasaidia walioumizwa kisaikolojia na tukio hilo, kwa kutambua kwamba machozi hayakauki siku ya mazishi.

Kisha mshikamano ulirudi ulikotoka. Tarehe 15 Machi 2019 Waislamu 51 waliuawa wakiwa msikitini katika mji wa Christchurch, New Zealand. Wayahudi wa Pittsburgh walichangisha fedha kwa ajili ya wafiwa. Waliopokea wakiwa katika kilio walikuwa sasa wanatoa.

Matanga tunayajua

Wayahudi wana desturi iitwayo shiva. Baada ya mazishi, wafiwa hukaa nyumbani siku 7, majirani huja, huleta chakula na hukaa nao. Desturi yao inamtaka mgeni asiwe na haraka ya kuzungumza, bali amsubiri mfiwa aanze. Mswahili akisikia hayo atasema: haya ni matanga. Sisi tunajua kutandika mkeka, kukoka moto uani na kulala kwa mfiwa. Hatuna haja ya kufundishwa mshikamano na wataalamu wa nje. Kinachotupasa ni kuuvusha mpaka wa dini, na hilo nalo limekwisha fanyika katika ardhi yetu.

Tarehe 21 Desemba 2015 magaidi walisimamisha basi lililokuwa likielekea Mandera, kaskazini mwa Kenya, wakawataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu walikataa, na baadhi ya wanawake waliwapa Wakristo hijabu wajifunike. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi katika tukio hilo na akafariki dunia Januari 2016. Watu wale hawakuwa na muda wa kufanya semina. Walikuwa na mazoea ya kuishi pamoja, na saa ya hatari mazoea hayo ndiyo yaliyosema.

Aidha, tusisahau kwamba chuki dhidi ya Wayahudi imewahi kuua hapa kwetu. Tarehe 28 Novemba 2002 hoteli ya Paradise huko Kikambala, karibu na Mombasa, ilishambuliwa kwa bomu kwa sababu wageni wake walikuwa Waisraeli. Washambuliaji waliua watu 13: Waisraeli 3, wawili wao watoto, na Wakenya 10. Miongoni mwa Wakenya hao walikuwamo wacheza ngoma waliokuwa wakiwakaribisha wageni.

Tena si kweli kwamba hapa kwetu hakuna Wayahudi. Nairobi ina sinagogi tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Karibu na Mbale, mashariki mwa Uganda, wako Abayudaya, Waganda waliofuata dini ya Kiyahudi tangu Semei Kakungulu alipoikumbatia mwaka 1919. Wakati wa utawala wa Idi Amin walikatazwa kusali na idadi yao ikapungua sana. Mmoja wao, J. J. Keki, alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001 na akashuhudia mashambulizi ya siku ile. Aliporudi nyumbani aliwaendea jirani zake Wakristo na Waislamu, na mwaka 2004 wakaanzisha pamoja ushirika wa kahawa ulioitwa Mirembe Kawomera, yaani amani tamu. Kwa shirika la maendeleo kama letu, mfano huo una uzito wa pekee. Watu waliopima kahawa kwenye mizani moja na kugawana faida si rahisi kuchochewa wachinjane.

Nasi tujichunguze

Mshikamano usioanza kwa kujichunguza huwa maneno matupu. Kwa karne nyingi mahubiri ya Kikristo yaliwabebesha Wayahudi wote hatia ya kifo cha Yesu, na katika nchi nyingi za Ulaya juma la mateso lilikuwa juma la hofu kwao. Tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la Nostra Aetate, ulifundisha kwamba mateso ya Kristo hayawezi kuhesabiwa juu ya Wayahudi wote wa wakati ule bila kubagua, wala juu ya Wayahudi wa leo. Ndugu zetu Walutheri nao, mwaka 1984, kupitia shirikisho lao la dunia, waliyakataa maandishi ya Luther dhidi ya Wayahudi. Hata hivyo, Ijumaa Kuu bado tunawasikia wahubiri na waigizaji wa njia ya msalaba wakisema "Wayahudi walimuua Yesu" kana kwamba Yesu mwenyewe, Mama yake na mitume wake hawakuwa Wayahudi.

Sisi wa ofisi hii pia tuna la kukiri. Katika semina zetu za vikundi vya kuweka na kukopa, kwa miaka mingi tumewaonya wanachama wasiende kwa "shailoki", kama mkopeshaji wa riba kubwa anavyoitwa Kenya. Hatukujiuliza neno hilo lilitoka wapi. Ni jina la mkopeshaji Myahudi katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa jina la Mabepari wa Venisi. Ina maana kwamba kila tulipomlaani mlangua riba wa mtaani kwetu, ambaye huenda ni Mkristo mwenzetu, tulimlaani kwa jina la Myahudi. Tangu sasa tutasema mkopeshaji wa riba, au kama wasemavyo Tanzania, mikopo ya kausha damu. Inatosha na inaeleweka.

Wapo pia watakaouliza kuhusu vita vya Gaza, vilivyoanza baada ya mashambulizi ya tarehe 7 Oktoba 2023 na kuua maelfu kwa maelfu ya watu. Tunalia na wafiwa wa pande zote, na kila mtu ana haki ya kulaumu matendo ya serikali yoyote, ikiwamo ya Israeli. Lakini bibi anayesali Pittsburgh hajibu kwa ajili ya serikali, kama vile Mwislamu wa Garissa au Tanga hajibu kwa ajili ya magaidi. Tarehe 2 Oktoba 2025 Wayahudi walishambuliwa katika sinagogi huko Manchester, Uingereza, na wawili wakapoteza maisha siku yao ya toba. Tarehe 14 Desemba mwaka huo huo watu 15 waliuawa katika sherehe ya Hanukkah ufukweni Bondi, Australia, na aliyemnyang'anya mshambuliaji mmoja bunduki kwa mikono mitupu alikuwa Mwislamu. Hatari haijapita, na wasamaria wema nao hawajaisha.

Kamati inaweza kufanya nini

Kwanza, kabla ya Kwaresima ijayo, kamati ya liturujia ikutane na makatekista na vijana wa maigizo, ipitie maneno yao ya Ijumaa Kuu na kurekebisha yanayowatwika Wayahudi wote lawama.

Pili, uvumi unaozunguka kwenye simu kuhusu Wayahudi, Waislamu, wazee au wenye ualbino usipitishwe. Anayeupokea amuulize aliyeutuma: umeupata wapi, na una hakika?

Tatu, parokia ijue majirani zake kabla ya msiba. Kamati iwe na namba za simu za imamu, mchungaji na viongozi wengine, na wote wakutane walau mara moja kwa mwaka bila dharura yoyote.

Nne, nyumba ya sala ya mtu yeyote ikishambuliwa, kamati iende siku ile ile. Iulize kinachohitajika na ifanye hicho. Isiende kuhubiri, isiende kupiga picha za taarifa, na ifuate masharti ya usalama ya wenyeji.

Tano, kwa wafadhili wetu wa ng'ambo: wengi wenu mnaishi karibu na sinagogi kuliko sisi. Tunawaomba mwende mkabishe hodi kwa niaba yetu. Semeni kwamba wako Wakristo wa Afrika Mashariki wanaokumbuka ni nani aliyewapokea wakimbizi wao.

Maswali ya kujadili katika jumuiya: Ni kundi gani katika kijiji au mtaa wetu linalobebeshwa lawama mambo yanapoharibika? Ni lini mara ya mwisho tulikaa matangani kwa mtu wa dini nyingine? Msikiti wa jirani ukichomwa usiku huu, nani kati yetu atakwenda kwanza, na atauliza nini?

Tutafurahi kupokea majibu yenu kabla ya toleo lijalo.